Kazi za Nyumba na Kiwanja Tungojapo Masika

 

Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya kungoja. Katika nchi ya pwani na nyuma yake, tangu Tanga mpaka chini ya milima ya Usambara, yako majuma kumi hivi katika mwaka ambayo watu wengi hawayatii maanani. Mvua za vuli zimekwisha, mavuno yake yameingia ndani, kaskazi inavuma na ardhi imekauka. Masika haijafika, kwa desturi huanza mwezi wa Machi, ikazidi Aprili, ikaishia Mei. Ukimwuliza mtu katika siku hizo, "Wafanya kazi gani?" hukujibu, "Twangoja mvua." Na wakati akujibupo ameketi chini ya mwembe.

Hatusemi kwamba kukaa chini ya mwembe ni vibaya. Mtu aliyevuna amestahili kupumzika, na mashauri mengi mema huzaliwa kivulini. Neno letu ni hili tu: mvua tunayoingoja inakuja kukagua nyumba zetu, nayo haitoi taarifa ya siku wala saa. Yafaa ikute kazi ipasayo imekwisha. Wenzetu wa bara, kama wale wa Dodoma, mvua yao ni ya mara moja kwa mwaka, nayo huanza karibu na Desemba. Hao na wayahesabu majuma yao wenyewe. Kanuni ni moja.

Kwanza tutawasimulia kosa letu, maana mwalimu asiyesema kosa lake huwafundisha wengine nusu ya somo.

Mwaka mmoja, tulipokuwa tungali walimu wapya, tulikaa katika kijiji kimoja cha bondeni. Nyumba yetu ilikuwa ya nguzo na fito, imekandikwa udongo, na jiko lilikuwa nyuma, limejengwa vivyo hivyo. Kiangazi kilipofika tulifanya shauri kubwa. Tuliandika katika daftari kazi kumi na moja: kupaka nyumba chokaa, kuzungusha ua mpya wa fito, kujenga banda la kuku, kupanda maua mbele ya baraza, na nyingine nyingi. Tulianza na chokaa, kwa sababu ilikuwa kazi ya kupendeza na wapita njia waliisifu. Kisha tukashika ua. Nyuma ya jiko, chini ya ukuta, palikuwa na ufa, na udongo umeliwa na matone ya masika iliyopita hata fito zilionekana. Kazi hiyo nasi tuliiandika, lakini ilikuwa ya tisa.

Bibi mmoja jirani yetu alipita siku moja tulipokuwa tukipaka chokaa. Akaizunguka nyumba polepole, akatazama nyuma ya jiko, akarudi. Akatuambia, "Mwalimu, mjukuu wangu, mvua haitazami chokaa. Mvua hutazama chini ya ukuta." Tukajibu, "Ndiyo, bibi, tutapafikia." Hatukupafikia. Katikati ya Machi, usiku, mvua ikanyesha kwa nguvu tangu saa tano hata alfajiri. Ukuta wa nyuma wa jiko ukaanguka, na paa likaufuata. Mbegu zetu za mahindi, tulizozitundika juu ya meko zipate moshi, zikafukiwa katika matope. Tulipozitoa baada ya siku chache, nyingi zilikuwa zimeota na nyingine zimeoza.

Tena liko jambo ambalo hata leo twaliona zito kulisema. Mtoto wa ndugu yetu, aliyekaa kwetu apate kusoma, alikuwa na desturi ya kulala jikoni kwa ajili ya joto la moto. Usiku ule alikuwa akikohoa, basi mke wetu akamwita alale ndani. Hiyo tu ndiyo sababu ya uzima wake. Wala si akili yetu iliyomwokoa, ni kikohozi.

Watu husema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Methali hiyo tulikuwa tukiwafundisha watoto darasani mwaka ule ule.

KAZI GANI ITANGULIE

Tangu siku ile tumejifunza kuzipanga kazi za kiangazi kwa maswali, si kwa kupenda kwetu. Swali la kwanza: kazi hii, isipofanywa, mvua itaharibu kitu? Swali la pili: kazi hii yahitaji jua, hata ikichelewa haiwezi kufanywa tena? Swali la tatu: kazi hii yahitaji mvua, na sasa yatupasa kuitengeneza tu? Kazi isiyojibu "ndiyo" kwa swali lo lote kati ya hayo, kama ile chokaa yetu, na iwe ya mwisho. Si kazi mbaya, bali yaweza kungoja.

Chukua karatasi na kalamu, au kaa na kipande cha ubao, uizunguke nyumba yako asubuhi moja. Mchukue na mtoto wako anayesoma shuleni, aandike wewe ukisema. Chora nyumba, jiko, choo, kisima, miti na njia. Kisha onyesha kwa mshale upande ardhi inakoteremkia. Mchoro huo hauhitaji uzuri, wahitaji kweli. Masika iliyopita imeacha alama zake: mstari wa vishimo penye matone ya paa, matope yaliyorukia ukutani, vijito vidogo vilivyokatiza kiwanja. Soma alama hizo kama usomavyo barua, maana mvua ijayo itapita njia zile zile.

PAA NA UKUTA

Anza juu, ushuke chini, kama maji yashukavyo. Ukitaka kujua paa la makuti au la majani linavuja wapi, ingia ndani saa sita ya mchana, funga milango na madirisha, ungoje kidogo mpaka macho yazoee giza, kisha tazama juu. Kila penye nukta ya mwanga maji yatapita. Penyeza kijiti chembamba katika tundu hilo. Ukienda nje utakiona, nawe utajua mahali pa kutengeneza bila kukisia. Makuti yawekwayo yaanzie chini kwenda juu, kila safu iifunike ile ya chini yake, na mgongo wa paa uwe mzito kuliko mahali pote. Kama paa ni la bati, angalia misumari. Msumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, si katika bonde lake, maana bondeni ndimo maji yapitamo.

Kisha tazama upenu. Ukuta wa udongo hauogopi mvua itokayo juu kama uogopavyo maji yanayorukia chini. Paa likitokeza nje dhiraa moja na nusu, matone huanguka mbali na ukuta. Likitokeza shubiri moja tu, matone huchimba chini ya ukuta kila siku ya mvua, wala hakuna chokaa itakayozuia.

Kuziba ufa kuna taratibu yake. Kwangua kwanza udongo wote uliolegea, mpaka ufikie ulio mgumu. Nyunyiza maji, maana udongo mpya haushiki juu ya udongo mkavu. Udongo wa kuzibia ukandwe pamoja na majani makavu yaliyokatwakatwa, ulale siku mbili au tatu ukiwa maji maji, ukandwe tena kwa miguu. Ushindilie ndani pamoja na vijiwe. Ukikauka utanywea na kupasuka kidogo. Usikate tamaa, bali paka mara ya pili. Kazi hii yote yahitaji jua, na kwa hiyo ikamilike majuma manne kabla ya mvua. Udongo mbichi ukikutwa na masika hurudi kuwa matope.

Chini ya ukuta jaza mawe na udongo, ushindilie, na kupafanya pateremke kwenda nje. Upande wa juu wa kiwanja chimba mfereji wa kuyapokea maji ya mlimani kabla hayajaifikia nyumba. Lakini fikiri sana mfereji huo utamwaga wapi. Ukiyaondoa maji kwako na kumpelekea jirani yako ukutani, hukutengeneza kitu; umehamisha hasara na kununua ugomvi. Yaongoze kwenye migomba, nayo itakushukuru.

SHIMO LA UDONGO

Liko jambo dogo lisahaulikalo. Mtu akikandika nyumba, huchimba udongo hapo hapo karibu, na shimo huliacha wazi. Masika hulijaza maji, na maji hayo yakituama huwa makao ya viluwiluwi vya mbu. Tangu yai mpaka mbu arukaye, katika joto la pwani, zatosha siku kumi hivi. Katika mwaka wa 1897 daktari mmoja Mwingereza, Ronald Ross, akifanya kazi India, aliona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu, na ulimwengu ukajua homa hiyo yapitia wapi. Basi mtu achimbaye shimo nyuma ya nyumba na kuliacha, huwa amewajengea mbu nyumba pamoja na yake.

Dawa yake ni rahisi. Chimba udongo pale unapotaka kupanda migomba. Ukiisha kukandika, jaza shimo kwa majani, majivu, samadi na takataka za jikoni zinazooza, ufunike udongo mpaka papande juu kidogo ya ardhi. Mvua ikija, panda mgomba. Hivyo kazi moja imezaa mbili.

MAJI YA PAA

Sasa wanafunzi watege masikio, maana hapa pana hesabu. Mvua hupimwa kwa milimita. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba, maji yake ni lita moja kamili. Tuseme nyumba yenye paa la bati imefunika ardhi mita 8 kwa mita 5. Hapo ni mita 40 za mraba. Angalieni, twapima ardhi iliyofunikwa, hatupimi mteremko wa bati. Ikinyesha mvua ya milimita 20 usiku mmoja, maji yake ni 40 mara 20, yaani lita 800. Tuondoe sehemu moja katika tano kwa maji yanayoruka na kupotea. Zabaki lita 640. Debe moja la mafuta huchukua lita 18. Basi usiku ule mmoja umeleta madebe 35 na kitu mpaka mlangoni.

Jumba lenye kutumia madebe matano kwa siku limepata maji ya juma zima. Sasa mwulize mama wa jumba hilo ni safari ngapi za mtoni, na kilima ni kirefu kiasi gani. Akina baba wengi hawajapata kuifanya hesabu hiyo, kwa sababu debe halikai juu ya vichwa vyao.

Kwa hiyo, katika siku za kungoja, tengeneza mfereji wa bati chini ya paa, uelekee kwenye pipa. Pipa la lita 200 litajaa mara tatu katika usiku tuliouhesabu. Basi fanya shauri la maji yatakayofurika, yasije yakala msingi uliokwisha kuutengeneza. Maji ya mvua ya kwanza yaache yapite, maana yameosha vumbi na kinyesi cha ndege. Funika pipa kwa kitambaa kilichofungwa vizuri, mbu wasiingie. Nyumba ya makuti nayo yaweza kuteka maji, lakini hutoka ya rangi ya chai. Yafaa kwa kufulia na kunyweshea miche, hayafai kwa kunywa.

KIWANJA

Kazi za kiwanja nyingi ni za lile swali la tatu: zahitaji mvua, lakini matengenezo yake ni ya sasa. Mtu atakaye kupanda mwembe au mchungwa asingoje mvua ndipo achimbe. Achimbe sasa, sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Udongo wa juu, ule mweusi, auweke upande mmoja. Ule wa chini auweke upande wa pili. Shimo liachwe wazi majuma machache lipigwe na jua. Kabla ya mvua, alijaze kwa ule udongo mweusi uliochanganywa na mbolea, uwe kama kichuguu, maana utashuka. Mche hupandwa baada ya ardhi kulowa barabara, si kwa manyunyu ya kwanza. Miembe iachane mita 10. Itaonekana mbali mno leo, lakini mpandaji hupima mti utakavyokuwa, hapimi mche ulivyo.

Mbolea yenyewe hutoka wapi? Katika miaka ya 1924 hata 1931 mtaalamu wa kilimo, Albert Howard, huko Indore katika India, alijaribu njia ya kugeuza takataka za shamba ziwe mbolea, na njia hiyo ikaenea mbali, hata Afrika ya Mashariki. Chagua mahali penye kivuli. Tandika majani makavu, juu yake majani mabichi, kisha samadi kidogo, kisha udongo na majivu. Rudia hivyo mpaka fungu lifike kifuani. Lilowe, lakini lisielee maji. Maji ni machache siku za kiangazi; basi tumia yale ya kuoshea vyombo na nafaka. Ligeuze baada ya majuma matatu, uligeuze tena baada ya mengine mawili au matatu. Kwa miezi mitatu hivi yote huwa udongo mweusi usio na harufu mbaya. Lililoanzwa Januari hutumika Aprili. Lililoanzwa Machi hulikosa shamba la masika.

Kama choo kimejaa, hii ndiyo saa ya kuchimba kingine, maana shimo lichimbwalo wakati wa mvua huweza kumwangukia mchimbaji. Kiwe mita 30 au zaidi mbali na kisima, na upande wa chini yake. Wala usichimbe kwenda chini sana kwa sababu pakavu. Maji ya ardhini hupanda wakati wa masika, na choo kilichofika kwenye maji hukiharibu kisima.

SIKU NA MIKONO

Mtaona kazi ni nyingi. Hapo ndipo shauri letu la kwanza lilipovunjika: tulihesabu kazi, hatukuhesabu siku. Tuseme majuma kumi yamebaki. Toa siku za kusafisha shamba, ambazo ni nyingi kuliko tusemavyo. Toa siku za msiba na arusi, na siku za homa. Mara nyingi yabaki majuma manne tu ya kazi za nyumbani. Kwa majuma manne mtu mmoja aweza kumaliza kazi tatu za maana. Akishika kumi na moja, ataacha kumi na moja nusu nusu, na kazi ya nusu hailindi mtu mvuani.

Mikono nayo hushirikiana. Kukandika na kuezeka ni kazi za ujima tangu zamani: leo kwako, kesho kwangu, mwenye nyumba hutoa togwa na chakula. Lakini msaada huo huombwa mapema. Mtu aendaye kwa jirani mawingu yakiwa yamekwisha kutanda, humkuta jirani naye yu juu ya paa lake.

Neno la mwisho. Mvua ya kwanza itakapokuja, msijifungie ndani nyote. Mmoja asimame mlangoni atazame: maji yanapita wapi, yanatuama wapi, matone yanaangukia wapi? Mara ikikatika, ayaandike katika ule mchoro, kwa kalamu ya rangi nyingine. Karatasi hiyo ihifadhiwe. Ndiyo mwanzo wa shauri la mwaka ujao, nayo itasema kweli kuliko kumbukumbu zetu, ambazo hukauka pamoja na ardhi.

Sisi tulipanda mwaka ule tumechelewa, kwa mbegu za kukopa. Aliyetukopesha ni yule yule bibi, pishi nne. Hakutukumbusha neno lake hata kidogo. Alituuliza tu kama mtoto kikohozi chake kimepona. Kiangazi kilichofuata tulianza kazi nyuma ya jiko, na chokaa hatukuinunua kabisa.

Basi, wasikilizaji, ingojeni mvua kwa mikono yenye udongo. Kwaherini.